Ati Zamani Waliimba Mara Moja Tu? Kaa Chini Nikuambie Kuhusu Teki

Wasee, hii stori nimeikalia kwa miezi kadhaa. Leo naitoa.

Mwaka jana rafiki yangu aliimba kwenye shoo ndogo hapa Nairobi. Watu kama mia moja hivi, wengine walikuja kwa sababu ya bei ya vinywaji tu. Wimbo wenyewe tuliurekodi mimi na yeye kwenye bedsita yangu kule Kahawa, blanketi zikiwa zimening'inizwa ukutani na friji imezimwa ili isingurume. Ulikuwa umeshapata wasikilizaji kiasi, si wa kututoa kwenye umaskini, lakini wa kutosha watu kuijua korasi. Beti ya kwanza ikaenda poa. Beti ya pili, mstari wa tatu, akaishiwa na hewa. Si kwamba alisahau maneno. Hewa iliisha kabisa, mdomo wazi, biti inaendelea bila yeye. Akajaribu kurukia mstari wa nne, akaudaka katikati, halafu akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka ardhi immeze. Watu wakampigia makofi ya huruma. Unayajua hayo makofi.

Mimi nilikuwa nyuma karibu na mtu wa sauti, na pale ndani ni mimi peke yangu niliyejua kilichotokea. Ule mstari wa tatu na ule wa nne hakuwahi kuiimba pamoja. Hata siku moja. Wa tatu ulitoka teki ya 11, wa nne ulitoka teki ya 19, na pumzi aliyovuta kabla ya wa nne niliikata kwa sababu ilisikika kama mtu anayekunywa supu moto. Yaani nilimtengenezea wimbo ambao binadamu mwenye mapafu mawili hawezi kuuimba.

Kwenye matatu ya kurudi alisema sentensi moja tu: "Ulinifanya nikae kama siwezi." Halafu akavaa hedifoni.

Wiki iliyofuata, kwa ujinga wangu, nikaposti picha ya skrini ya kompyuta ikionyesha teki zote za wimbo huo. Zilikuwa 43, zimepangwa moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni. Nilidhani watu wataona ni kazi. Jamaa mmoja mwenye picha ya gari kwenye profaili yake akaandika kwamba hii ndiyo sababu muziki wa siku hizi ni takataka, kwamba zamani waimbaji walisimama mbele ya maiki mara moja, wakaimba, wakaenda nyumbani. Akapata laiki nyingi kuliko posti yenyewe. Nilikuwa bado na aibu ya ile shoo kwa hivyo sikumjibu. Nikaenda kusoma. Chuo niliacha mwaka wa pili, kusoma sikuacha.

Kwa ambaye hajawahi kurekodi: teki ni jaribio moja. Unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, unasimamisha, hiyo ni teki ya kwanza. Ukirudia ni ya pili. Halafu prodyuza anachukua mstari huu kutoka teki ya 3 na neno lile kutoka teki ya 8, anaviunga mpaka vinasikika kama vimetoka kwa mkupuo mmoja. Studioni tunaita kukompu. Nyimbo nyingi sana unazoskia redioni zimepitia hapo.

Sasa tuanzie kwetu. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake wa taarab walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, mji ambao siku hizi ni Mumbai, kurekodi santuri za His Master's Voice. Mliosoma Shaaban Robert shuleni mnajua habari zake, maana ndiye aliyeandika wasifu wake. Hebu fikiria hiyo safari. Unavuka bahari nzima kwa sababu studio iko ng'ambo. Huwezi kufika ukasema leo sauti imekauka, nitapitia Alhamisi.

Enzi hizo sauti ilichongwa kwenye sahani nene ya nta. Sindano inachimba mfereji huku wewe unaimba, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu. Wimbo wa taarab unapenda kujinyoosha, lakini mbele ya ile nta ulibidi ukunje miguu. Na kibaya zaidi, ukiipiga ile nta ili usikie ulichoimba, unaiharibu. Kwa hivyo teki ambayo unataka iende kiwandani ndiyo ambayo huruhusiwi kuisikiliza. Unaimba, unamwangalia injinia usoni, unamwachia Mungu.

Hapa ndipo jamaa wa gari anaanza kupotea. Watu walirudia hata wakati huo. Nta ilikuwa na gharama, lakini kosa lililochapwa kwenye santuri mia kadhaa lina gharama zaidi. Kampuni ziliandika kila teki kwenye vitabu vyao, na nyingi zilichonga namba ya teki kwenye santuri yenyewe, pale katikati karibu na karatasi. Robert Johnson, yule mpiga gitaa wa bluzi kutoka Mississippi, alirekodi San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937. Alituachia nyimbo 29, na kadhaa kati ya hizo zina teki mbili zilizookoka. Kuna wazee wanabishana mpaka leo ipi ni kali.

Kwa hivyo kurudia ni kwa zamani. Kilichokuwa hakiwezekani ni kuunganisha. Nta haishonwi.

Mwaka uleule wa 1928, mtu anaitwa Fritz Pfleumer huko Dresden, Ujerumani, alikuwa anasajili uvumbuzi wake wa ajabu: karatasi ndefu nyembamba iliyopakwa unga wa chuma, inayoweza kushika sauti kwa nguvu ya sumaku. Kabla ya hapo Pfleumer alikuwa akifanya kazi na watu wa sigara, akitafuta namna ya kuweka ile pete ya rangi ya dhahabu kwenye sigara. Akajiuliza, kama naweza kubandika unga wa shaba kwenye karatasi, kwa nini nisibandike chuma? Kampuni ya AEG ikachukua wazo, BASF ikatengeneza utepe wa plastiki badala ya karatasi, na mwaka 1935 mashine yao, Magnetophon, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa inakatika ovyo, na watu waliona huo ni udhaifu. Lakini kitu kinachokatika kinaweza kuungwa.

Vita vikaja. Mwanajeshi Mmarekani, Jack Mullin, fundi wa mitambo ya mawasiliano, alikuwa akiskiza redio ya Ujerumani usiku wa manane na hakuelewa. Okestra nzima inapiga saa nane usiku, sauti safi kabisa, haina ule mkwaruzo wa santuri. Ina maana Hitler amewanyima usingizi wanamuziki wote? Mwaka 1945, vita vilipoisha, akaonyeshwa mashine za Magnetophon karibu na Frankfurt na akapata jibu. Akafungua mashine mbili vipandevipande, akazituma nyumbani Marekani kwa posta ya jeshi pamoja na reli hamsini za utepe.

Aliyezihitaji zaidi alikuwa Bing Crosby, mwimbaji mkubwa wa wakati huo. Kipindi chake cha redio kilibidi kifanywe moja kwa moja, na Marekani ni pana, saa za mashariki si saa za magharibi, kwa hivyo kazi ileile ilifanywa mara mbili usiku mmoja. Crosby alikuwa amechoka. Alitaka kurekodi akiwa na nafasi, aende akacheze gofu. Mwaka 1947 akamwajiri Mullin. Na hapa, wasee, ndipo mambo yakawa mambo. Walikuwa wanarekodi, wanakata mzaha uliofeli kwa mkasi, wanaunga palipobaki. Kuna mchekeshaji aliyeitwa Bob Burns alikuja akatoa mizaha michafu isiyoweza kwenda hewani. Mizaha ikakatwa, lakini vile vicheko vya watu vilikuwa vitamu mno kutupwa. Wakaviweka kando. Baadaye, kwenye kipindi kingine chenye mizaha baridi, wakavibandika pale. Ukicheka na kicheko cha kwenye televisheni leo, unacheka na watoto wa hicho kicheko cha kukopa.

Les Paul, mpiga gitaa rafiki ya Crosby, alienda njia tofauti. Yeye hakutaka kuunga teki mwanzo kwa mwisho, alitaka kuzirundika. Akiwa na mkewe wakati huo, Mary Ford, alirekodi sauti juu ya sauti kwenye mashine moja: unapiga gitaa la kwanza, unalicheza huku unapiga la pili, na mashine inachanganya yote mawili. Lakini tabaka jipya linapoingia, la zamani linafutika. Ukikosea kwenye tabaka la kumi, umepoteza yote tisa. Hakuna kurudi nyuma. Mwaka 1951 waliwapiga watu butwaa na "How High the Moon" kwa mbinu hiyo. Mimi nikipoteza faili moja nanuna siku mbili, sijui ningeishi vipi kwenye hiyo nyumba. Mwaka 1957 Ampex wakamuuzia mashine ya treki nane, ambapo kila sauti ina chumba chake na inaweza kurudiwa peke yake bila kugusa jirani. Kompyuta yako yote ya studio ni mjukuu wa ile mashine.

Sasa nikuambie skendo niliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1952, London, EMI walikuwa wanarekodi opera ya Wagner, Tristan und Isolde, chini ya Wilhelm Furtwängler. Isolde alikuwa Kirsten Flagstad, Mnorwe, sauti kubwa ya kizazi chake. Lakini alikuwa amepita miaka 50, na kuna noti za juu kabisa kwenye tendo la pili ambazo hakuwa na uhakika nazo tena. Basi noti hizo zikaimbwa na mtu mwingine, Elisabeth Schwarzkopf, ambaye baadaye aliolewa na Walter Legge, prodyuza wa rekodi hiyohiyo. Noti chache tu ndani ya saa nne za muziki. Siri ikavuja. Flagstad akaumia sana.

Nilipoisoma hiyo nilifunga laptopu nikaenda kununua chai. Kwa sababu huyo mama hakuiba kitu. Alijua, alikubali, kila mtu chumbani alijua. Kilichomuuma ni kuonekana hawezi. "Ulinifanya nikae kama siwezi." Maneno ya kwenye matatu, miaka sabini baadaye.

Upande wa pili kuna Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Huyu angeniambia nisione haya hata kidogo. Mwaka 1964, akiwa na miaka 31 tu, aliacha kabisa kupiga mbele ya watu na kujifungia studioni. Miaka miwili baadaye akachapisha insha ndefu, The Prospects of Recording, na ndani yake anasimulia jinsi alivyorekodi fugi moja ya Bach, ile ya A ndogo katika kitabu cha kwanza cha The Well-Tempered Clavier. Teki mbili zilitoka bila kosa, ya 6 na ya 8. Ya 6 ilikuwa nzito, yenye heshima zake. Ya 8 ilikuwa inarukaruka kwa furaha. Siku ile studioni zote zilionekana nzuri. Wiki kadhaa baadaye, alipozisikiliza tena, akagundua kila moja ikiwa peke yake inachosha. Nzito ni nzito mwanzo mpaka mwisho, na ile ya kuruka inaruka mpaka unaomba ikae. Bahati nzuri kasi yao ilikuwa karibu sawa. Wakaanza na ya 6, katikati wakaingiza ya 8, mwisho wakarudi kwa 6. Gould anadai matokeo yalikuwa bora kuliko chochote ambacho angeweza kupiga kwa mkupuo.

Ona vizuri anachosema. Hakukompu ili kuficha kosa, maana kosa halikuwepo. Alikompu kwa sababu wiki zilipita na masikio yake yakawa masikio ya msikilizaji. Hiyo mimi sikuifanya. Mimi nilikuwa natafuta makosa saa tisa usiku, macho mekundu, nikipanguza kila kitu kinachofanana na mwili wa mtu.

Na kukata kwenyewe kulikuwa kazi ya mikono. Utepe unaokimbia inchi 15 kwa sekunde unamaanisha sekunde moja ya muziki ina urefu wa sentimita 38. Injinia anazungusha reli mbili kwa mkono, mbele nyuma, sauti inaunguruma kama mzee anayeamka, mpaka apate mwanzo wa silabi. Anaweka alama kwa penseli nyeupe, anakata kwa wembe, mara nyingi kwa mshazari ili sauti moja iyeyukie nyingine badala ya kugongana, anabandika kwa gundi ya nyuma. Kile kimstari cha mshazari unachokiona kwenye programu yako pale vipande viwili vinapokutana ni picha ya ule wembe.

The Beatles mwaka 1966 walikuwa na "Strawberry Fields Forever" ya aina mbili, teki ya 7 iliyo laini na teki ya 26 yenye tarumbeta na chelo. John Lennon akapenda mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine. Tatizo ni kwamba kasi hazikuwa sawa na ufunguo haukuwa sawa. George Martin na injinia Geoff Emerick wakaharakisha moja kidogo, wakapunguza mwendo wa nyingine kidogo, na vikakutana. Ukiskiza karibu na dakika ya kwanza kamili, sauti ya Lennon inabadilika rangi. Ukishaiskia hutaweza kutoiskia tena, samahani mapema.

Na hapa Nairobi? Miaka hiyohiyo ya sitini, Equator Sound ya Charles Worrod ilikuwa inatoa nyimbo za akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Hapo nakubali, mambo yalikuwa tofauti. Bendi ikipiga pamoja chumba kimoja, gitaa la huyu linaingia kwenye maiki ya yule, na huwezi kukata sauti ya mwimbaji bila kukata ngoma. Teki haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya kundi, ukikosea umekosea na wenzako. Hiyo ndiyo "zamani" ambayo jamaa wa gari anaitamani, nadhani, na si vibaya kuitamani.

Lakini pia ukumbuke nani alikuwa anachagua. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, na mashine yake ya kurekodi. Kati ya alivyorekodi ni nyimbo tatu zilizopewa jina moja, Chemirocha, I, II na III, zote zikitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefika huko kupitia santuri. Ile ya tatu, ya wasichana, ndiyo imezunguka dunia. Rekodi zikabaki kwenye maktaba yake Afrika Kusini, na ilichukua zaidi ya miaka 60 zirudishwe kijijini watu wasikie sauti zao na za wazazi wao. Teki bora ni ipi, nani aliulizwa? Hilo swali halikuanza na kompyuta.

Miaka ya sabini na themanini treki zikawa 16, kisha 24, na kukompu sauti kukawa kawaida ya kazi. Mwimbaji anarekodiwa mara kadhaa kwenye treki tofauti, prodyuza anakaa na karatasi ya maneno ya wimbo yenye safu pembeni, moja kwa kila teki. Kila mstari unawekewa alama. Kisha sehemu zenye alama zinahamishwa kwenye treki moja mpya. Hata ajali zilikuwa na nafasi. Marvin Gaye alirekodi sauti mbili tofauti za "What's Going On", injinia akazicheza zote mbili pamoja kwa bahati mbaya, Gaye akasikia akapenda. Mwaka 1971 dunia ikasikia mtu anayeongea na nafsi yake, na mbinu hiyo akaitumia tena na tena.

Ila utepe ulikuwa na mwisho. Reli ya futi 2,500 ikikimbia inchi 30 kwa sekunde inakupa dakika 16 na ushee. Wimbo wa dakika nne, umepata teki nne. Unataka ya tano? Nunua reli nyingine au futa moja. Kwa hivyo swali la kubaki na nini lilijibiwa palepale, mwimbaji akiwa bado ana jasho, akiwa bado anaweza kusema hapana, hiyo usifute.

Kompyuta ndiyo iliyoondoa hilo swali. Pro Tools ilitoka mwaka 1991 ikiwa na treki nne tu, na bei ya kukutoa machozi. Baadaye kila mtu akawa na toleo lake la kupanga teki. Logic 8, mwaka 2007, ikaleta ule ujanja wa kupitisha kipanya juu ya teki na kipande kinachaguka chenyewe. Ableton Live wao walitukalisha mpaka toleo la 11, mwaka 2021. Reaper, ninayotumia mimi, ina siku 60 za kujaribu na leseni ya dola 60 kwa watu wa hali yetu, na toleo la 7 la mwaka 2023 lilipanga teki vizuri kuliko awali. Zote kimsingi zinafanya jambo moja: hazikati kitu. Faili lako linabaki zima kwenye diski, programu inaweka tu orodha ya kucheza, anza hapa, ishia pale, rukia lile. Wembe usioacha jeraha.

Na ni rahisi kupita kiasi. Sauti ya maiki moja kwa kiwango cha kawaida cha studio, 44.1 kHz na biti 24, inakula kama MB 8 kwa dakika. Teki ya dakika tatu ni MB 24. Zile 43 za rafiki yangu hazifiki hata GB moja na nusu, ni filamu moja mbovu. Kwa hivyo hakuna siku tuliyoketi tukaulizana ipi inabaki. Tulisema "tutaona". Yeye akaenda nyumbani, na mimi ndiye niliyeona, peke yangu, usiku.

Hilo ndilo jibu langu kwa jamaa wa gari, kama anasoma. Watu wa zamani waliruka, walikata, waliazima noti za juu kwa wanawake wengine. Tofauti ni kwamba walilazimika kuamua wakiwa chumba kimoja.

Mwezi uliopita nilimtumia rafiki yangu ujumbe nikamwambia kwa nini aliishiwa na hewa. Sikuwa nimewahi kumwambia. Kimya siku nne. Siku ya tano akaja, akavua viatu, akaniambia fungua hiyo kitu. Tukaskiza teki zote, moja moja, kuanzia ya kwanza. Ilichukua saa mbili na nusu na stima ikapotea mara moja. Nilimpa daftari na kalamu, nikamchorea zile safu za zamani, mstari kwa mstari, aweke alama mwenyewe.

Alama zake hazikufanana na zangu karibu kila mahali. Alipenda teki ya 3, ambayo mimi sikuwa nimetumia hata silabi, kwa sababu anaingia chini kidogo ya noti kwenye korasi na kwa mbali unaskia honi ya matatu. Kwenye beti ya pili anavuta pumzi, ile ya supu, kubwa kabisa. "Hapo ndio nilikuwa naimba," akaniambia. Nikamwambia hiyo noti iko chini. Akasema anajua iko chini. Tukabishana mpaka jirani akagonga ukuta.

Saa hii folda ina faili mbili za mwisho, yake na yangu. Mimi bado naona korasi yangu ni bora. Kuhusu beti ya pili, nimesalimu amri, pumzi imerudi mahali pake. Ana shoo nyingine Jumamosi ijayo, na jana usiku amenitumia ujumbe wa sauti kwamba biti ipunguzwe kasi, kidogo tu, kuanzia ule mstari wa tatu.